Mwaka Tulipolichimba Jiko la Bi Hadija

Watu waliokaa matangani kwa Fundi Mloka mwezi uliopita walisema marehemu alikuwa na kipaji cha kunusa maji. Mmoja aliapa kwamba alikuwa akilala kifudifudi juu ya mchanga, anavuta pumzi mara tatu, kisha anasema, "Chimbeni hapa." Wajukuu zake walisikiliza kwa fahari, nami nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kubishana. Lakini Mloka mwenyewe angesikia maneno yale angecheka mpaka kofia imdondoke. Hakunusa kitu. Nilimfahamu kabla hajajulikana kwa kisima hata kimoja, mwaka ule ambao mimi, yeye na mwenye nyumba wangu, Bi Hadija, tuliugeuza uwanja mzima tukitafuta maji matamu katikati ya Kariakoo. Sasa Mloka hayupo, na Bi Hadija alitangulia zamani. Nimebaki peke yangu niliyeona kwa macho, basi bora niseme ilivyokuwa.

Ya kwetu na ya ndoa yangu ya kwanza nayaacha, hayana msaada hapa. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili, nina umri wa miaka kama ishirini, nimepanga chumba cha tatu mkono wa kushoto katika nyumba ya Bi Hadija. Kilikuwa chumba cha miti na udongo, chenye kidirisha cha kuchungulia uani, kitanda cha kamba, na vyungu. Vyungu vilipangwa mpaka karibu na dari, vya kupikia, vya mchuzi, mitungi ya maji, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: nilikuwa nauza vyungu sokoni. Wafinyanzi walivileta kutoka Pugu na Kisarawe wamevibeba kichwani, nami nilikuwa nimevishika vingi kiasi kwamba ukinifunga kitambaa machoni ningekwambia chungu hiki kafinyanga nani. Kila mfinyanzi ana mkono wake. Huyu huacha mdomo mnene, yule hupitisha ukucha shingoni, mwingine hawezi kumaliza kitako bila kukipigapiga kwa kiganja. Wenzangu sokoni walinicheka kwamba nasoma vyungu kama wengine wanavyosoma magazeti. Kusoma kwenyewe sikujua.

Mwaka ule mvua za vuli zilipita kama mgeni asiyetaka kukaa, na masika ikaja nusunusu. Kisima cha uani kwa Bi Hadija kikageuka chumvi, vikafuata visima vya safu yetu yote. Sabuni ilikataa kutoa povu. Watoto waliumwa matumbo. Chai ilikuwa na ladha ya machozi, na wali tulikuwa tumekwisha acha kuutia chumvi, maana maji yenyewe yalitosha na kuzidi. Bi Hadija alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na wa hasira, mpika vitumbua aliyejulikana mpaka mtaa wa Gerezani. Vitumbua vyake vilipoanza kuwa na chumvi aliwagombeza wachuuzi wa mchele, akamgombeza muuza nazi, akamgombeza paka. Kisha akakaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni pake na kuniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Tatu mwanangu, ardhi imenigeuka."

Katika chumba jirani na changu alikaa Karani Gabrieli, kijana wa Kichaga kutoka Kilimanjaro, mpole, aliyepiga pasi suruali yake kila jioni na kufanya kazi katika ofisi ya afya ya mji, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Ukuta uliotutenga haukufika juu, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia, na naamini yeye pia alisikia kila nilipokohoa. Alasiri moja alikuja mwenzake wa ofisini. Nilikuwa nimekaa kitandani napepeta mchele nikawasikia wananywa chai.

"Bwana Afya amekwisha amua," Gabrieli alisema. "Safu yote itavunjwa, kuanzia kwa mama huyu mpaka kwenye kona. Anasema maji ni mabaya kwa sababu mahali penyewe ni pabaya. Hapakuwahi kukaa mtu, ila tangu kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza."

"Na watu watakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya Msimbazi. Wasipopata maji ya kunywa mpaka mwisho wa mwezi ujao, basi."

Niliuweka ungo chini, nikatoka, nikabisha hodi mlangoni pake. Aliponiona alijua nimesikia. "Dada Tatu," akasema, "mimi naandika tu ninayoambiwa." Nikamwambia basi aende akamwambie mwenye nyumba hayo anayoandika, kwa mdomo wake, kwa sababu amekula vitumbua vyake miaka miwili. Na kweli alikwenda. Alisimama uani amekunja mikono kama mtoto wa shule. Bi Hadija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akagusa ukuta wa nyumba yake. "Kila mti uliomo humu ni kitumbua nilichokipika mimi," akasema. "Mwambie bwana wako nitapata maji." Akahesabu kwa vidole: mwisho wa mwezi wa Kizungu ulikuwa unaangukia mwishoni mwa Shaabani. "Ramadhani nitafuturu hapahapa."

Ndipo akaitwa Mloka. Wakati huo alikuwa kijana mrefu, mwembamba, magoti yake hayatoki tope, na sifa yake mtaani haikuwa visima. Ilikuwa vyoo. Alikuwa amechimba karibu kila choo cha mitaa ile, na watu walimwita kwa kujificha. Aliposikia anaitiwa kisima alivaa kanzu. Bi Hadija akamtazama na kumwambia akaivue. Shimo la kwanza alilichimba mwisho wa uwanja, upande wa bondeni, nami nikawa mvuta kamba ya ndoo kila nilipotoka sokoni. Alipofika pima mbili harufu ilitoka ambayo nilidhani nimekosea: harufu ya pwani maji yakiwa yametoka. Ndoo zikaja na tope jeusi linalonata, makombe meupe madogo ya konokono wa matopeni, na vipande vya mizizi myeusi. Mloka alipanda juu ameshika mzizi mmoja, akaunyoosha mbele ya Bi Hadija.

"Mama, huu ni mkoko."

"Mkoko? Hapa Kariakoo? Ufuko uko wapi?"

"Mimi nimekata mikoko Rufiji misimu mitatu. Mizizi yake naijua kama vidole vyangu."

Karani Gabrieli alisema labda matope yaliletwa na watu kujazia shimo. Mwingine akasema ni masalia ya gharika ya Nabii Nuhu. Maji yalipopanda, Bi Hadija aliyaonja akayatema. Yalikuwa chumvi kuliko ya kisima cha zamani. Leo nina mjukuu anayefundisha, amenieleza kwa utaratibu kwamba bahari haikukaa mahali pamoja tangu Mungu alipoumba dunia. Kuna zama ilipanda ikaingia mabondeni, mikoko ikaota palipokuwa na nyasi, kisha ikarudi kidogokidogo, na mahori, mikono ile ya bahari, yakajaa mchanga na udongo mpaka yakasahauliwa. Anaponieleza namwacha amalize, kwa adabu. Lakini mimi niliipata habari hiyo kwenye ndoo, imenichafua mpaka viwiko, kabla mama yake hajazaliwa.

Shimo la pili lilichimbwa katikati ya uwanja. Nalo lilitoa tope, ila upande mmoja tu. Upande wa pili wa shimo, ule unaotazama jikoni, ukuta ulikuwa wa mchanga mweupe, na mahali mchanga na tope vilipokutana ndoo zilianza kuja nzito kwa vitu vingine: majivu, makombe ya chaza yaliyobanduliwa, miiba ya samaki, na vigae vya vyungu. Mloka alikuwa anavitupa tu. Mimi nilikiokota kimoja, kipande cha mdomo wa chungu, nikakifuta kwa khanga, nikakigeuza huku na huku. Sikuujua mkono ule. Chini ya mdomo palichorwa pembetatu ndogondogo zilizofuatana, kila moja imejazwa mistari, kazi ya mtu asiye na haraka. Hakukuwa na mfinyanzi wa Pugu wala Kisarawe aliyechora vile, wala bibi zao walionihadithia kazi za zamani. Na kwa nje kilikuwa na masizi.

"Fundi," nikamwita chini. "Hapa watu walikuwa wanapika."

"Lini?"

"Bahari ilipokuwa pale kwenye shimo lako la kwanza."

Alinitazama kutoka shimoni, uso mzima tope. "Haya, walikuwa wanapika. Sasa sisi itatusaidia nini?"

"Walikuwa wanakunywa nini?"

Mloka aliacha kuchimba. Alikaa chini humohumo shimoni, akafikiri, kisha akaanza kucheka. Nami nikacheka, na Bi Hadija akatoka jikoni kuuliza ni wehu gani umetushika. Nilimweleza hivi: watu wale waliona chakula kingi horini, chaza na samaki na kaa, wakaja kukaa ukingoni. Lakini hakuna mwanamke duniani anayejenga jiko mbali na maji matamu kama anaweza kulijenga karibu. Kwenye chumvi walikula, mahali pengine walikunywa. Taka walitupa bondeni, kama sisi tunavyotupa. Basi wao wenyewe walikaa upande wa juu wa jaa lao, kwenye mchanga, na maji yao yako mchangani. Tukiwafuata wao tutayafikia maji.

Kwa siku nne mimi na Mloka tulizunguka mtaa, na hapo ndipo vyoo vyake vilipogeuka kuwa elimu. Alikuwa anakumbuka kila shimo alilowahi kuchimba. Kwa seremala: tope jeusi, mizizi. Kwa mjane wa kona: tope tena. Kwa mwenye duka Mwarabu, aliyetukaribisha mpaka uani kwake na kutupa kahawa: mchanga mweupe, na vigae alivyovitupa asijue ni nini. Kati ya kila shimo la mchanga na shimo la tope lililo jirani nalo tulisimika kigingi. Tuliporudi nyuma na kutazama, vigingi vilikuwa vimepinda pamoja, kwa ulaini, kama ufuko unavyopinda. Nilisimama katikati ya njia ya vumbi, wapagazi wakinipita na magunia ya sokoni wakinifokea niwapishe, nami nikawa naliona hori: maji upande huu, watu upande ule. Sina neno la kueleza furaha ile. Nilikuwa mwanamke aliyeachwa, asiyejua alifu, na nilikuwa nimesoma jambo ambalo mjini hapakuwa na mtu aliyelijua.

Tatizo lilikuwa moja. Ukingo ule wa mchanga ulipofika kwa Bi Hadija ulipita chini ya jiko lake. Huko ndiko vigae vilikozidi, na pengine pote palikuwa tope au kuta za nyumba. Jiko lile lilikuwa kibanda cha mabati ya madebe yaliyokunjuliwa, limeingia weusi wa moshi wa miaka, na ndilo lililomlisha. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe. Nilimwambia akiwa anachambua mchele, na sikuweza kumtazama.

"Mnataka nilivunje jiko langu kwa mkono wangu," akasema, "kabla Mzungu hajanivunjia nyumba."

"Ndiyo, mama."

"Una hakika yatatoka?"

"Sina. Ila mwanamke aliyekaa hapa hakuwa mjinga."

"Umejuaje kuwa ni mwanamke?"

Nilimpa kigae kimoja nilichokuwa nimekiweka kando, kipande cha chini ya shingo ya chungu, ambapo mfinyanzi alikuwa amekandamiza udongo ukiwa mbichi na dole gumba likaacha kovu. Dole dogo, la mtu mwenye mikono midogo. Bi Hadija, ambaye pamoja na unene wake alikuwa na mikono midogo, aliweka dole gumba lake pale. Lilikaa kama limepimiwa. Mchele ulimwagika mapajani mwake asijali. Kisha akainuka, akafunga khanga kiunoni, akachukua shoka, na bati la kwanza la jiko alilibandua yeye mwenyewe.

Majirani walidhani amerukwa na akili. Siku ya pili Mloka alikuwa amefika kiunoni, mchanga mkavu, safi, na mara akaacha kuchimba akaniita kwa sauti ya kunong'ona. Tulichungulia. Katikati ya duara la majivu yaliyogandamana palikuwa na mafiga matatu, mawe meusi ya kuungua, yamekaa kama yalivyoachwa na aliyeyapanga. Sisi tuliojua jiko la Bi Hadija tulijua pia kwamba mafiga yake yeye yalikuwa yamesimama juu kabisa ya hayo, hayazidi hatua moja kando. Bi Hadija alijitanda kichwa, akasoma Fatiha, kisha akaanza kulia bila sauti. Gabrieli, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kazini, alivua kofia. Mafiga yale tuliyapandisha moja moja, tukayalaza pembeni kwenye kivuli, na Bi Hadija akamwambia Mloka, "Chimba, baba. Mwenye jiko ameruhusu."

Maji yalipatikana siku ya tatu, mchana, jua la utosi. Mchanga uliingia unyevu, ukawa mzito, kisha visigino vya Mloka vikatota. Alijaza kata, akaifunga kwenye kamba, wala hakuonja. "Dada Tatu aanze," akasema. Nilikunywa. Hata leo nikiwa na kiu naikumbuka kata ile: maji baridi, yana ladha ya mchanga kidogo, na baada ya hapo hayana ladha yoyote. Nikampa Bi Hadija. Alikunywa yote, akageuza kata tuone imekauka, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika sokoni. Wanawake wakaja wanakimbia na madebe. Wali wa kwanza tuliupika palepale uani, juu ya mafiga ya kuazima, tukala watu kama thelathini kwenye masinia, na kila mtu akawa anatafuna anamwangalia mwenzake, mpaka Mloka akaropoka, "Mbona hauna chumvi?" Hakuna aliyekuwa amekumbuka. Tulikuwa tumesahau kwamba chumvi hutiwa na mtu. Tulicheka mpaka wengine wakatoka machozi.

Bwana Afya alikuja wiki ileile, amevaa kofia pana, na chupa ndogondogo ndani ya sanduku. Gabrieli alimtafsiria. Alijaza chupa zake akaenda nazo, na siku tatu baadaye akarudi na karatasi mkononi, uso wake wa mtu aliyetumwa asichokitaka. Maji yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko ya visima vingi vya mji. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake na madebe yao, wamekaa wanasikiliza. Akauliza nani alionyesha mahali pa kuchimba. Mloka akaninyooshea kidole mimi.

Nilimtolea vigae. Nilikuwa nimevipanga juu ya mkeka, na kando yake mafiga matatu. Alichutama, akavigeuzageuza kwa muda mrefu, akiuliza hili na lile, nami nikamweleza hori lilikuwa wapi na watu wapi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameizoea fikra yake. Akasema neno, na Gabrieli akasita kabla ya kulitafsiri.

"Bwana anasema, hapa hapakuwa na wenyeji. Labda walikuwa wageni, watu wa vyombo vya baharini kutoka mbali, walishuka wakapumzika."

Bi Hadija aliguna. Mimi nilikuwa nimekwisha ondokwa na woga wote. Nilisema, "Mwambie mgeni hupikiwa. Huyu alikuwa anapika."

Gabrieli alilitafsiri polepole, neno kwa neno, na nikaona mdomo wake unajizuia kutabasamu. Wanawake waliokuwa karibu walishangilia. Bwana Afya alitazama mafiga, akatazama kisima, akatazama nyumba. Palikuwa na mahali katika karatasi yake pa kuandika safu hii ya nyumba ilianza lini kukaliwa na watu, na Gabrieli alikuwa amekwisha jaza kwa wino, kama alivyoamriwa mwanzo: tangu kambi ya wapagazi. Bwana alisema neno moja. Gabrieli aliiweka karatasi juu ya goti, akapiga mstari juu ya maneno yale, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho, akauliza aandike nini badala yake. Mzungu alifikiri. Akamwambia apaache wazi. Na chini yake, palipokuwa na amri ya kuvunja, Mzungu akapiga mstari kwa kalamu yake mwenyewe.

Alikuwa bado ameinama anatia sahihi, wanawake wote wamesimama, Mloka amevaa kanzu yake, ndipo Bi Hadija alipomgeukia Gabrieli, mkono kiunoni.

"Mwulize kama amemaliza," akasema. "Watu wanangoja maji."